Shahada Huanzia Stesheneri

Kijana wa miaka 19 anapoomba nafasi ya chuo kikuu, maisha yake yote yanaenea kwenye bahasha moja ya kaki: cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne, matokeo ya kidato cha sita, na picha mbili ndogo ambazo amekunja uso utadhani anatafutwa na polisi. Jina lake ni lilelile kwenye karatasi zote, kwa sababu hajapata muda wa kulichakaza. Mtu wa miaka 43 hana bahasha. Ana sanduku la bati uvunguni, na ndani yake mna vyeti vilivyopigwa leminesheni, vyeti vilivyotafunwa na mchwa pembeni, kadi ya kliniki ya mtoto wa tatu, risiti ya baiskeli iliyokwisha kuibwa, na angalau majina matatu yanayodai kuwa ni yeye.

Elimu ya masafa ilibuniwa kwa ajili ya huyu wa pili. Fomu za kujiunga nayo zilibuniwa kwa ajili ya yule wa kwanza. Mikasa yote inayofuata inatoka hapo.

Mmoja wa wenye masanduku ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Masasi, mkoani Mtwara, mwenye cheti cha ualimu, stashahada aliyoiongeza baadaye, watoto wanne na shamba la mikorosho lenye matatizo yake. Aliposikia kwamba mwenzake wa shule jirani, mtu ambaye walipokuwa chuo cha ualimu alikuwa akinakili maandalio ya somo kutoka kwake, sasa ana digrii, hakulala. Asubuhi alimwambia mkewe kwamba naye anaomba chuo, kwa masafa, kila kitu kinafanyika mtandaoni, wala hatatoka nyumbani. Mkewe akamuuliza kama nauli ya kutotoka nyumbani anayo.

Wazo lenyewe, kwa haki, halina kasoro. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Namba 17 ya mwaka 1992, kikaanza kazi mwaka uliofuata, John Malecela akiwa mkuu wa chuo wa kwanza na Profesa Geoffrey Mmari makamu mkuu wa kwanza. Makao yake ni Kinondoni, Dar es Salaam, lakini uhai wake uko kwenye vituo vya mikoani, kwa sababu nchi ilikuwa imejaa walimu, wauguzi, askari na makarani waliokosa chuo kikuu ujanani, si kwa upungufu wa akili bali kwa upungufu wa nafasi. Majirani nao wamefuata: Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao yake Konza, kilipewa hati mwaka 2023. Chuo alichokiomba mwalimu wetu tukiache bila jina. Vyuo vyenye programu za masafa siku hizi ni vingi, na mikasa yake inaazimana.

Kuomba mtandaoni, kwa mkazi wa mji mdogo wa Tanzania, maana yake ni kwenda stesheneri. Nayo ni chumba kimoja chenye mashine ya kutoa kopi, kompyuta mbili ambazo moja kazi yake ni kupiga muziki, na kijana mmoja. Ukutani pamebandikwa orodha ya huduma: kuchapa, kutoa kopi, leminesheni, kuomba ajira, kuomba mkopo, kuomba chuo, kurusha nyimbo. Wizara inaweza kusema inavyotaka, lakini ofisi ya udahili ya taifa hili ndiyo hii, na afisa udahili wake mkuu amevaa kandambili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kuomba chuo."

"Karibu sana. Umekuja na imeili?"

Mwalimu alikuwa amekuja na sanduku zima, lakini imeili hakuiona humo. Kijana hakushangaa. Akamfungulia anwani ya barua pepe hapohapo, akabuni nywila yenye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama ya mshangao, akaiandika kwenye kaunta buku lenye nywila za nusu ya wilaya. Fomu ikadai namba ya simu, ambayo ingetumiwa ujumbe wa kuthibitisha papo hapo. Simu ya mwalimu ilikuwa imezima. Jana yake umeme ulikatika. "Tuweke yangu kwa muda tu," alisema kijana. "Utabadilisha ukiingia ndani." Mwalimu alimshukuru. Ndani hakuwahi kupaona mahali pa kubadilisha.

Kisha ikaja picha, yenye kitambaa cha buluu kwa nyuma. Studio iko mlango wa pili, na kama zilivyo studio nyingi za mikoani, inaazima wateja koti. Ni koti jeusi moja, kubwa, pamoja na tai ambayo haijawahi kufunguliwa tangu fundi aliyejua kuifunga alipohamia Tunduru. Afisa wa chuo akizipanga picha za waombaji wa mji ule mezani, ataona wanaume wembamba, wanene, warefu na wafupi, wote wakiwa ndani ya bega lilelile. Picha ya mwalimu ilitoka vizuri. Mfumo ukasema ni kubwa mno. Kijana akaipunguza, mfumo ukasema haionekani. Ilipopatikana ya wastani, uso wa mwalimu ulikuwa umevutwa pande mbili ukawa mpana kuliko koti.

Mtihani uliofuata ulikuwa wa kuthibitisha kwamba yeye si roboti. Kwenye skrini zikatokea picha ndogondogo za mitaa, naye akatakiwa kuchagua zote zenye bomba la zimamoto. Mitaa hiyo huwa ya Marekani, na mabomba yao ni vigingi vifupi vyekundu au vya njano vilivyosimama kando ya barabara. Mtu aliyekulia Masasi hana sababu yoyote ya kuvijua. Mwalimu alichagua mti, gari la taka na mama mmoja aliyevaa nyekundu. Mashine ikamhukumu kuwa roboti. Ikaleta taa za barabarani, akashindwa kuamua kama mlingoti wa taa nao ni taa, akahukumiwa tena. Kijana alimsogeza kwa adabu zote, akabofya mara nne bila kutazama. Huyo mashine ilimwamini.

Halafu Kitambulisho cha Taifa. Namba yake ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenyewe. Tokeni ya umeme wa LUKU nayo ina tarakimu 20. Nyumba nyingi huandika namba zote muhimu mahali pamoja, na nyumba ya mwalimu huziandika nyuma ya daftari la hesabu la mtoto wa pili, bila maelezo. Aliisoma kwa sauti, taratibu, tarakimu moja moja, kama anavyosoma imla darasani. Mfumo ukakataa.

"Mwalimu," alisema kijana akiikodolea macho skrini, "hapa inaonekana umezaliwa mwaka 6142."

Jioni ileile, nyumbani, mita ya umeme ilikuwa imegoma kabisa kuipokea tarehe ya kuzaliwa ya baba mwenye nyumba.

Lakini haya yote ni madogo. Kaburi la waombaji watu wazima ni jina.

Jina la mwalimu huyu, ambalo halitajwi hapa, lina herufi mbili zinazoweza kurudiwa, na kila ofisi aliyopitia maishani ilikuwa na maoni yake kuhusu ipi inastahili kurudiwa. Mwalimu mkuu aliyemwandikisha darasa la kwanza aliandika alichokisikia, na siku hiyo palikuwa na upepo. Cheti cha kidato cha nne kikafuata daftari la shule. Chuo cha ualimu kikamsahihisha kwa nia njema. Kitambulisho cha Taifa kikafuata cheti cha kuzaliwa, na hicho kilifuata kumbukumbu za bibi yake. Si yeye peke yake: nchi hii ina akina Ally na Ali, Mohamed, Mohammed na Mohamedi, Yohana aliyegeuka John sekondari, na wanawake walioolewa wakachukua jina la mume kwenye kitambulisho huku vyeti vyote vikibaki kwa baba. Na wapo waliorudia darasa la saba kwa kurithi jina la mtoro, desturi iliyojulikana sana zamani na isiyosemwa sana siku hizi, wakaishi maisha mazima ndani ya jina la mtu aliyekimbilia kuchunga ng'ombe.

Hofu ya ofisi ina sababu. Aprili 2017, baada ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, taarifa iliyokabidhiwa kwa Rais John Magufuli mjini Dodoma ilikuwa na watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Tangu mwaka ule herufi moja haiitwi tena kosa la uandishi. Inaitwa utata, na utata unahitaji mhuri.

Mhuri unapatikana kwa wakili. Mwalimu alikula kiapo mbele ya wakili mmoja, ofisi yake ikiwa jirani na mahakama, kwamba watu watatu wanaosomeka kwenye vyeti vyake ni mtu mmoja, ndiye yeye, na wote watatu wako hai. Wakili aligonga mhuri bila kuinua macho kuhakikisha hata kama waliopo mbele yake ni wangapi. Angekuwa ameamua kubadili jina moja kwa moja, angetakiwa hati maalumu inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, aliye chini ya wizara inayoshughulika na ardhi, jambo ambalo lina mantiki yake ukiishi nchi ambayo kila kitu cha thamani kina mpaka na mgogoro.

Waingereza waliwahi kulicheka jambo hili jukwaani. Mwaka 1980 Willy Russell alitoa tamthilia ya Educating Rita, habari za msusi anayejiunga na Chuo Kikuu Huria cha huko, kile kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1969 na kuanza kufundisha mwaka 1971 bila kudai vyeti vya awali. Mhadhiri anatazama karatasi za udahili, anakuta herufi S, anauliza. Msusi anaeleza kwamba jina lake halisi ni Susan. Rita amejipa mwenyewe kwa kumpenda mwandishi mmoja. Mhadhiri anaridhika na mchezo unaendelea kwa saa mbili nyingine. Kwetu tamthilia ingeishia palepale. Pazia lingeshuka, na Rita angeelekezwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambako vyeti vya kuzaliwa huhakikiwa, akaeleze Susan ni nani.

Dada wa mwalimu huyo ni muuguzi, naye alikuwa anaomba mwaka uleule. Yeye ana stashahada ya uuguzi, na mwenye stashahada haingii chuo kikuu hivihivi: anatakiwa kwanza kupata namba ya uhakiki wa tuzo, ile inayojulikana kwa herufi AVN, kutoka Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Ni utaratibu wenye maana. Unaondoa watu wenye stashahada za kuchapisha mtaani. Ila muuguzi alikuwa zamu ya usiku mwezi mzima, na usiku ndiyo saa ambayo mtandao wa pale kituoni una nguvu, kwa kuwa mji wote umelala. Kila alipofika sehemu ya kupandisha nakala ya cheti, mlango uligongwa. Saa tisa usiku, mstari wa kupakia ukiwa umebakiza kipande kidogo sana kwenye skrini, akaingia mama mwenye uchungu. Aliporudi kwenye simu, mikono bado ina harufu ya dawa, mfumo ulikuwa umeandika kwamba muda wake umekwisha, aanze upya. Mtoto wa usiku ule alipata kadi ya kliniki kabla mkunga wake hajapata namba ya mwombaji.

Mdogo wao wa mwisho, aliyemaliza kidato cha sita mwaka 2014, alikutana na jambo jingine kabisa. Mwaka ule na uliofuata matokeo yalitolewa kwa mpangilio mpya uliokuwa na B+, kabla serikali haijarudisha mpangilio wa zamani. Kwa hiyo miongozo ya udahili ya Tume ya Vyuo Vikuu inahesabu C ya aliyemaliza kabla ya 2014 kuwa pointi 3, na C ya 2014 au 2015 kuwa pointi 2. Ndani ya ukoo mmoja, kwenye mkeka mmoja wa Idi, kuna C mbili zisizolingana, na binamu mwenye C ya zamani hajaacha kuikumbusha.

Turudi kwa mwalimu. Fomu ilimuuliza nani atamlipia ada, ikampa orodha: serikali, mwajiri, mzazi, mwenyewe. Mke hakuwamo, ingawa fedha ya kwanza ilitoka kwenye biashara yake ya vitenge na kila mtu nyumbani alilijua hilo, akiwamo mwenyewe. Akachagua "mwenyewe" kwa sauti ya chini. Ikauliza jina na simu ya mzazi au mlezi, sehemu ya lazima, yenye kinyota chekundu. Mtu wa miaka 43, ambaye yeye mwenyewe ni mlezi wa watu saba, akaandika namba ya mama yake kijijini.

Chuo kilipiga. Mama ana simu ya tochi na hupokea namba asiyoijua kwa sauti ya kuamrisha. Akaambiwa wanapiga kuhusu mwanawe na masuala ya shule.

"Amefanya nini tena?" aliuliza.

Wakamweleza kwamba hajafanya kitu, ameomba kusoma, wanahakiki taarifa tu. Mama akanyamaza kidogo, akasema kwamba mtoto huyo hata kutembea alichelewa, na kama kuna mchango aandikiwe karatasi, asiambiwe kwenye simu kwa sababu wajukuu wanasikiliza. Habari hii ilifika kwenye baraza la kahawa kabla mwalimu hajarudi kutoka kazini, na kwa wiki kadhaa wazee walikuwa wakimuuliza kama ameshapata kaptura za shule.

Malipo ya maombi yalikwenda kwa kumbukumbu namba, tarakimu 12 ambazo watu wote huziita kontroo namba, na ambazo zina tabia ya kuisha muda. Mwalimu aliipata Ijumaa mchana, akaenda kwa wakala akakuta hana salio la kutosha kwenye laini, wakala wa pili amekwenda msikitini, wa tatu ana salio ila simu yake imechukuliwa na mke. Jumatatu namba ilikuwa imekufa. Ikaombwa nyingine. Hii ilipolipwa, mfumo ulisema haijalipwa, na mhudumu wa chuo kwa simu akamwambia asubiri, mifumo "inasomana". Kwa hiyo akawa anasubiri mashine mbili zimalize kusomana, wakati yeye mwenyewe hajaruhusiwa kusoma.

Ni kweli kwamba zamani mambo haya yalikuwa mepesi. Miaka ya 1840 Isaac Pitman alifundisha hati mkato kwa posta huko Uingereza; mwanafunzi aliandika zoezi kwenye kadi, akabandika stempu, akasubiri masahihisho. Chuo Kikuu cha London kilifungulia mitihani yake watu wasiosoma kwenye vyuo vyake mwaka 1858, na kwa njia hiyo watu wa makoloni mengi walipata shahada bila kuiona London. Nelson Mandela alisomea sheria ya London akiwa gerezani Kisiwa cha Robben, na shahada yake ya sheria akaipata mwaka 1989 kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, akiwa bado mfungwa. Fomu zake hazipo mezani petu, lakini sehemu ya "anwani ya kudumu" haikumpa shida. Na hapa nyumbani, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu, vijiji kwa vijiji. Usajili wake ulikuwa kufika na kuketi. Mama wa mwalimu alikuwa mmoja wao, na anadai kwamba yeye tayari amesoma kwa masafa, tena bila kumsumbua mzazi wake.

Tofauti ni kwamba Mtu ni Afya haikutoa shahada. Pale penye cheti chenye thamani ya mshahara ndipo penye foleni, na penye foleni pana wajanja, na penye wajanja panazaliwa sehemu zenye kinyota chekundu. Mwalimu, akiwa msimamizi wa mitihani ya darasa la saba, alilijua hili vizuri kuliko wote. Halikumzuia kulalamika.

Mwezi uliofuata akakaa kimya, akidhani wamemsahau. Hawakumsahau. Alikuwa amechaguliwa vyuo viwili, na mwombaji aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa kwa ujumbe wa simu namba ya siri ya kuthibitisha anakwenda kipi, kabla ya tarehe fulani. Ujumbe ulifika salama kabisa kwenye simu ya kijana wa stesheneri. Kijana alikuwa Newala kwenye msiba. Alipoufungua ilikuwa jioni ya siku ya mwisho. Akampigia mwalimu, mwalimu alikuwa shambani akipulizia mikorosho salfa, pua na mdomo vimefungwa kitambaa.

"Mwalimu, unataka chuo kipi?"

"Chochote."

"Mwalimu, hakuna Chochote hapa. Kuna viwili."

Akachagua kwa kupiga kelele shambani, na kijana akathibitisha kutoka matangani, kati ya chai na ubwabwa.

Basi akawa amedahiliwa, akachinja kuku. Hapo ndipo wengi huanguka, kwa sababu kudahiliwa na kusajiliwa ni mambo mawili, na barua ya pongezi haina nguvu yoyote mpaka mtu alipe sehemu ya ada, apeleke vyeti halisi kituoni vikaonwe kwa macho, ajaze fomu ya afya iliyosainiwa na daktari, kisha aingie tena kwenye mfumo kuchagua masomo, moja moja, kila mwaka. Wapo waliolipa ada yote, wakasoma miezi yote, wakafika kwenye chumba cha mtihani na kalamu mbili, wakakuta majina yao hayapo kwa kuwa hawakuwahi kubofya kitufe cha mwisho. Muuguzi aliponea hapo kwa sababu kazini amezoea kuhesabu mara mbili. Mwalimu aliponea kwa sababu kijana alibofya kwa niaba yake, kutoka kwenye kaunta buku, bila kuombwa.

Masomo yenyewe, kusema kweli, hayakumtisha. Yanawekwa kwenye Moodle, programu iliyoanza kutolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas, Mwaustralia aliyekulia jangwani na kupata masomo ya utotoni kwa redio ya masafa mafupi. Ukiijua historia hiyo unaelewa kwa nini programu inamvumilia mtu anayepotea siku tatu na kurudi. Mwalimu aliingia, akatoka, akaingia tena, akagundua kwamba anaweza kusoma mhadhara uleule mara nyingi bila mhadhiri kuchoka, jambo ambalo yeye hawezi kuwafanyia wanafunzi wake. Zoezi la kwanza alipata B. Akalipeleka kuchapishwa stesheneri, kisha akaliacha mezani sebuleni lionekane na wageni.

Tatizo lilibaki moja. Namba ya simu haikubadilishwa kamwe, na kila ujumbe wa chuo, wa ratiba, wa ada, wa semina ya ana kwa ana, ulikuwa unafika kwa kijana. Muhula ulipofika katikati, kijana alikuwa anajua kalenda ya chuo kuliko wanachuo. Wakikutana njiani ndiye anayeanza: "Shikamoo, mwalimu. Kazi ya saikolojia ya elimu mwisho Alhamisi." Alikuwa amechapa kazi za wateja wengi, na kwa kuchapa akawa amezisoma, na kwa kuzisoma akaanza kusahihisha makosa madogo, halafu makubwa. Watu wakaanza kumuuliza kwa nini yeye hasomi, na kidato cha sita alikuwa amemaliza, na pointi zake zilitosha.

Dirisha la udahili lilipofunguliwa tena, alifunga mlango wa stesheneri saa sita mchana, akazima muziki, akafungua fomu. Vyeti vyake vilikuwa na jina moja. Picha alipiga mlango wa pili, ndani ya koti lilelile. Bomba la zimamoto aliliona mara moja. Alipoandika namba yake ya simu, mfumo ukawasha maandishi mekundu: namba hii tayari imetumiwa na mwombaji mwingine.